Kofia Isiyovuliwa



Juma hili naanza na kosa langu mwenyewe. Nililitenda mbele ya watu, na yafaa nilieleze mbele ya watu.

Kwetu Rungwe kofia ya sufu si ajabu. Miezi ya Juni na Julai baridi hushuka kutoka mlimani, ukungu hufunika migomba hata saa nne ya asubuhi, na wazee kwa vijana hutembea wamefunika masikio. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona kijana mmoja wa kigango chetu, mkulima wa chai, akivaa kofia yake shambani na sokoni. Watu walishangaa siku za Jumapili tu. Badala ya kuingia kanisani pamoja na mkewe, alikuwa akisimama nje chini ya mparachichi mpaka misa iishe. Wengine walisema ana kiburi. Wengine walisema amehamia dini nyingine ila anaona haya kutamka. Mimi sikusema neno, lakini niliwaza kama wao.

Siku moja akaja ofisini, yeye na mkewe, kuandikisha ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Benchi lilikuwa limejaa watu. Nikamwambia kwa sauti, kama mwalimu amwambiavyo mtoto wa darasa la pili: "Bwana, hapa ni ofisini. Vua kofia kwanza, ndipo tuandike." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo, akampokea mtoto kutoka kwa mkewe, akaondoka. Daftari likabaki wazi, na jina la mtoto halikuandikwa.

Jioni ile mkewe akarudi peke yake. Akaniambia: "Karani, mume wangu si mtu wa dharau. Kichwa chake kinaoza, naye hataki watu wakione."

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao kumwomba radhi. Tulikaa kimya kitambo kirefu, kisha akavua kofia mwenyewe. Katikati ya utosi palikuwa na mahali pasipo nywele, pana kama kiganja, ngozi yake nyororo inayong'aa. Kandokando yake vilikuwapo vipele vya usaha na magamba ya manjano. Na karibu na vipele hivyo nywele zilitoka kwa mafungu: tundu moja, nywele tano, sita au saba, kama nyuzi za brashi. Mto wake, alisema, huamka una madoa kila siku.

Alikuwa na ugonjwa huo kwa miaka mitatu. Mwanzo alidhani ni mba. Kinyozi akamshauri anyoe kwa wembe mpaka ngozi iwe tupu. Akanyoa, vipele vikazidi. Rafiki akamshauri apake spiriti. Akapaka, akalia kwa uchungu. Mwingine akamletea maji ya betri ya gari. Akapaka hayo pia, na akapata kidonda. Mganga wa kienyeji akamwambia kwamba ndugu yake mmoja ameokota nywele zake sakafuni kwa kinyozi na kuzifunga. Akatoa mbuzi na fedha ya chai ya miezi miwili, na tangu siku ile hasemi na ndugu yake. Alipofika katika zahanati moja alipewa vidonge vya siku tano. Usaha ukakauka, akafurahi. Baada ya majuma matatu ukarudi. Ndipo akaacha kutafuta dawa, akanunua kofia.

Amenipa ruhusa niwaeleze habari hii bila jina lake, kwa sababu anaamini kuwa wapo wengine wenye kofia kama yake, na kina mama wenye vitambaa kama kofia hiyo.

Mgomba na tunguu lake

Ili tuelewe ugonjwa huu, natupeleka kwanza shambani.

Sisi wa Rungwe twaujua mgomba. Ukiukata mgomba hata chini kabisa, huna hofu. Tunguu lililo udongoni litatoa chipukizi. Lakini mdudu akiingia katika tunguu lenyewe na kulila, huo haufufuki, hata ukamwaga mbolea ya ng'ombe debe kumi.

Unywele nao una tunguu lake. Kila unywele umekaa katika kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Kichwani peke yake mtu ana vifuko kama 100,000 hivi. Kando ya kila kifuko kuna tezi ndogo itoayo mafuta ya kulainisha ngozi. Chini kabisa ndipo unywele unapotengenezwa, nao hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Na katika ubavu wa kifuko, karibu na ile tezi ya mafuta, zimekaa chembe mama zinazojenga kifuko upya kila unywele wa zamani unapoanguka. Kila siku nywele 50 hata 100 huanguka kichwani mwa mtu mzima wa afya, na hapungukiwi kitu, kwa kuwa chembe mama zipo.

Basi kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili wenyewe huingia katika kifuko kama askari walioitwa vitani, wakavimbisha na kuchoma kila kitu. Zikichomwa zile chembe mama, kifuko hufa na kovu huziba mahali pake. Hapo hapatoki unywele tena maisha yote, si kwa mafuta, si kwa dawa. Lakini kama moto unawaka chini tu, kwenye kitako cha kifuko, na chembe mama zimesalia, nywele zaweza kurudi. Ndiyo maana watu wengine huota upara wa viraka vya mviringo, kichwa laini kisicho na kovu wala usaha, na baada ya miezi nywele huota tena, wakamsifu aliyewauzia mafuta.

Neno ninalotaka mlishike juma hili ni hili moja: katika magonjwa ya kifuko cha unywele yenye kovu, dawa haiponyi kilichokwisha kufa, huokoa kilichobaki. Kila mwezi wa kujificha ni vifuko vingine vimekufa.

Ugonjwa wa kijana wetu

Kijana huyu alikubali kwenda hospitali ya wilaya hapa Tukuyu, na huko akaandikiwa barua ya kwenda Mbeya, mwendo wa kilometa kama 70. Daktari wa ngozi alimtazama kichwa chote kwa kioo chenye taa, akachukua usaha kwa pamba kwenda kupimwa, kisha akamtia ganzi na kukata kipande kidogo cha ngozi, kadiri ya punje ya mtama, kitazamwe kwa darubini.

Ugonjwa wake ni wa nadra. Madaktari huuita folikulaitisi dekalvansi, na daktari Mfaransa aitwaye Quinquaud aliueleza huko Paris mwaka 1888. Hupata wanaume na wanawake, mara nyingi watu wazima walio vijana bado. Alama yake ni hiyo niliyoiona: upara wenye kovu utosini, vipele vya usaha pembeni, na nywele nyingi zinazotoka tundu moja. Katika usaha mara nyingi hupatikana bakteria mmoja wa kawaida, ambaye hukaa hata puani mwa watu wazima wa afya bila kuwadhuru. Kwa nini kwa mtu huyu awashe vita na kwa jirani yake asiwashe, hilo madaktari wanalichunguza bado. Inaonekana kinga ya mwili wake humpokea vibaya. Si uchafu. Si nywele zilizookotwa sakafuni. Wala mke hauchukui kwa mume kwa kulalia mto mmoja.

Alipewa dawa mbili pamoja, rifampisini na klindamaisini, kwa majuma kumi. Daktari alimwonya kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asiogope. Ukawa hivyo, na hakuogopa. Lakini sikilizeni vizuri: rifampisini ni dawa ya kifua kikuu. Kabla ya kumpa, walihakikisha kwanza kwamba hana kifua kikuu, kwa sababu mwenye kifua kikuu akiimeza bila dawa nyingine za ugonjwa huo, vijidudu vyake huzoea na kuwa sugu. Tena hugombana na dawa nyingine nyingi, zikiwamo baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mtu asisome gazeti hili kisha akaenda dukani kuinunua. Dawa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari aliyekupima.

Ndugu wa ugonjwa huo

Magonjwa ya kifuko cha unywele ni ukoo mkubwa. Nawatajia baadhi, ili mkimwona mmoja mlangoni mumtambue.

Wa kwanza ni vipele vya kisogo. Huu kwetu si wa nadra. Huwapata zaidi wanaume wenye nywele za kipilipili, baada ya kubalehe. Huanza na vipele vidogo vinavyowasha pale kola ya shati inapogusa shingo, kisha huwa vigumu kama punje za mahindi, kisha huungana na kuwa kovu nene. Kunyoa kwa wembe au kwa mashine iliyobanwa sana kwenye ngozi huchochea. Anayeviona vikianza aache kunyoa mpaka kwenye ngozi, abakize nywele kidogo, alegeze kola, na asivikune. Vikiwa vichanga, dawa za kupaka na vidonge vyaweza kuvituliza. Vikiwa vimeungana, huhitaji sindano ndani ya kovu, na pengine kisu cha mpasuaji.

Wa pili huitwa majipu ya mahandaki. Huu ni wa nadra. Huwashika zaidi vijana wanaume weusi wa miaka ishirini mpaka arobaini. Kichwa huota mabonge laini yanayobonyea, nayo yameunganishwa chini kwa chini, kama njia za fuko katika shamba la viazi. Ukibonyeza bonge hili, usaha hutokea lile. Mkulima hamkamati fuko kwa kufukia tundu moja. Vivyo hivyo kupasua bonge moja hakumalizi kazi.

Wa tatu hukaa makwapani, kwenye kinena na chini ya matiti. Ni majipu yanayorudi mahali palepale mwezi baada ya mwezi, yakiacha makovu na matundu yanayovuja maji yenye harufu. Jina lake ni hidradenaitisi sapurativa. Daktari Velpeau wa Ufaransa aliueleza mwaka 1839, na mwaka 1854 mwenzake Verneuil akafikiri unatoka katika tezi za jasho. Kumbe sivyo, siku hizi yajulikana kwamba unaanza katika kifuko cha unywele kilichoziba na kupasuka ndani kwa ndani. Wenye ugonjwa huu huteseka sana kwa aibu, maana watu huwadhania kuwa hawaogi au kwamba wana ugonjwa wa zinaa. Hauambukizi kwa kuguswa wala kwa kulala pamoja. Tumbaku na unene hufuatana nao na huuzidisha. Hata katika nchi zenye madaktari wengi, uchunguzi uliochapwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa hukaa miaka saba hivi kwa wastani kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao. Basi mama aliyepasuliwa majipu ya kwapa mara tatu kwa mwaka asikae kimya; aulize waziwazi: "Daktari, mbona yanarudi palepale?"

Wa nne ni wa kina mama hasa. Nywele hupungua katikati ya utosi, na upara hupanuka polepole kwa mviringo. Pengine pana mwasho au kuwaka moto, pengine hapana dalili yoyote, ila ngozi huwa nyororo na kung'aa. Mwaka 1968 ulipoelezwa huko Marekani ulipewa jina la kitana cha moto, kwa kuwa kina mama weusi wa huko walinyoosha nywele kwa chuma kilichopashwa moto. Kitana kikahukumiwa peke yake. Baadaye wakaonekana wanawake wenye upara huo ambao hawakukishika kitana hicho hata siku moja. Mwaka 2019 wataalamu, miongoni mwao wa Afrika Kusini, wakatangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wamezaliwa na kasoro katika jini moja linalosaidia kuunda unywele. Basi msimcheke mama kwamba ameyataka mwenyewe kwa kupenda urembo. Hata hivyo, misuko ya kuvuta mpaka macho yakavutika, na dawa kali za kulainisha nywele, huumiza vifuko ambavyo tayari ni dhaifu, na mwenye dalili aviache. Naye mama ambaye dada yake au binti yake ana upara huo atazame utosi wake mapema.

Watoto na ndama

Wilaya yetu hufuga ng'ombe wa maziwa nyumbani, na watoto ndio wanaowapelekea ndama majani. Ndama akiwa na choa, yaani vile viraka vya kijivu vyenye magamba usoni na shingoni, mtoto anayemkumbatia aweza kukipata kichwani. Mapunye ya kawaida tumeyazoea. Lakini pengine kinga ya mtoto hupambana na ukungu huo kwa nguvu mno, na kichwa huvimba bonge laini linalotoa usaha, nywele zikang'oka zikivutwa kidogo tu, na tezi za shingo zikavimba.

Mzazi huliona bonge hilo akafikiri ni jipu, akatafuta wembe. Asifanye hivyo. Bonge hilo halitaki kupasuliwa. Lataka dawa ya kumeza ya ukungu, kama griseofulvini, kwa majuma sita au nane, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya kifuko. Tena zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani, zenye steroidi ndani yake, hutuliza mwasho kwa siku chache huku ukungu ukienea chini yake. Mtoto akitibiwa mapema, nywele nyingi hurudi. Akicheleweshwa, atakuwa na kovu hata siku ya harusi yake. Na ndama naye atibiwe. Muulizeni bwana mifugo.

Habari ya kupimwa damu

Jirani mmoja wa kijana wetu alisema: "Huo ni ugonjwa wa kisasa." Neno hilo ndilo lililomfunga kofia kuliko usaha wenyewe. Kwa hiyo natenganisha mambo mawili.

Magonjwa niliyoyataja mpaka hapa humpata mtu yeyote, mwenye virusi vya UKIMWI na asiye navyo. Kichwa chenye usaha si hati ya kumhukumu mtu. Lakini upo ugonjwa mwingine wa vifuko vya nywele ambao kweli mara nyingi hufuatana na virusi hivyo, hasa kinga inaposhuka sana. Ni vipele vidogo vinavyowasha mno, mchana na usiku, usoni, shingoni, kifuani na mgongoni juu. Wajapani ndio walioueleza kwanza, katika miaka ya 1960, kwa watu wasio na virusi. Kisha katika miaka ya 1980 ukaonekana kwa wagonjwa wa UKIMWI. Mwenye vipele vya namna hiyo akishauriwa kupimwa damu, asidhani anatukanwa. Mkoa wetu wa Mbeya ni mmoja wa mikoa iliyopigwa sana na UKIMWI, na tangu mwaka 2004 dawa zake hutolewa bure nchini. Kinga ikipanda, vipele hivyo hupungua. Pengine huzidi kwanza katika miezi ya mwanzo ya dawa, kwa sababu kinga inaamka. Hapo mgonjwa asiziache dawa, bali arudi kliniki aeleze.

Kijana wetu na mkewe walipimwa wote wawili, siku moja, wameshikana mikono. Jibu lao ni lao, si la gazeti.

Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tazama mapema. Kipele cha usaha kichwani kinachokaa zaidi ya majuma matatu au manne, au kinachoacha mahali pa kung'aa pasipo unywele, kionyeshwe hospitalini. Vidonge vya siku tano vikituliza kisha ugonjwa ukarudi, rudi na wewe. Usiseme, "Dawa za hospitali zimeshindwa." Sema, "Ugonjwa huu si wa siku tano," na uombe barua ya kwenda mbele.

Pili, omba mtaalamu wa ngozi, maana wapo. Mwaka 1992 kilifunguliwa huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha magonjwa ya ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, kwa msaada wa madaktari wa ngozi wa dunia. Waliona kwamba madaktari bingwa ni wachache mno na wako mijini, wakaamua kuwafundisha matabibu kwa miaka miwili, kisha kuwarudisha wilayani kwao. Kwa hiyo katika hospitali ya wilaya usiulize tu, "Daktari bingwa yupo?" Uliza, "Je, yupo tabibu aliyesomea ngozi, na huja siku gani?" Asipokuwapo, uliza kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, usije ukapanda basi la bure siku isiyo ya kliniki.

Tatu, kwa kinyozi: nunua wembe wako, au mwambie asafishe mashine mbele ya macho yako. Vipele vinavyotoa damu chini ya mashine vyaweza kuacha virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI kwenye chuma. Nawe kinyozi, ukiona kichwa chenye usaha, usimwambie mteja, "Tunyoe tupu, patapata hewa." Mwambie aende hospitali, nawe umebakiza mteja.

Nne, acha spiriti, mafuta ya taa na maji ya betri. Maji ya betri ni asidi. Huchoma chuma, sembuse tunguu la unywele.

Tano, mgonjwa asiahidiwe makubwa. Magonjwa haya hutulizwa. Kung'olewa kabisa ni shida, na mara nyingi hurudi baada ya miezi au miaka. Mgonjwa aliyejua hayo tangu mwanzo hakati tamaa ugonjwa unaporudi, bali hurudi kliniki na karatasi zake.

Daftari

Mwezi wa nne baada ya safari ya kwanza ya Mbeya, kijana yule alikuja tena ofisini na mkewe na mtoto. Benchi lilikuwa limejaa kama siku ile. Akavua kofia, akaiweka juu ya meza yangu karibu na daftari la ubatizo, akaketi. Usaha umekauka. Mto, asema mkewe, hauna madoa tena. Lakini pale utosini pamebaki palepale, pana kama kiganja, pameng'aa; hapajaota unywele hata mmoja, wala hapataota. Nilimwuliza kwa sauti ya chini daktari alisemaje kuhusu hapo. Akajibu: "Alisema ningekuja mwaka wa kwanza, pangekuwa kadiri ya shilingi."

Nikaandika jina la mtoto. Akasoma, akasahihisha herufi moja niliyokosea, akasema, "Ndaga fijo, Karani," akachukua kofia yake. Nje ilikuwa inanyesha, kwa hiyo aliivaa.

Baadaye nilisikia kwamba alikwenda pia kwa yule ndugu yake aliyesingiziwa habari ya nywele, naye amechukua mkungu wa ndizi. Walizungumza nini sijui, ila wanavuna chai pamoja sasa.

Basi, wasomaji wapenzi, mkimwona mtu asiyetaka kuvua kofia, au mama asiyefungua kitambaa hata mbele ya dada zake, msimwambie avue mbele za watu. Mkute peke yake, umwulize kama anaumwa. Na kama mwenye kofia ni wewe unayesoma, usingoje msimu wa chai uishe. Nenda juma hili.

Tuonane juma lijalo.